Chapa ya Tindikali: Istilahi ya Picha za Wachuuzi wa Uholanzi

Mwaka 1632 Rembrandt alitoa picha ya mchuuzi wa sumu ya panya aliyesimama mlangoni pa watu, kashika mti mrefu wenye kikapu kinachoning'inia panya wafu, na panya hai yuko begani. Mwenye nyumba amegeuza uso, anamkataa kwa mkono. Mwaka 1635 akatoa ya bibi anayekaanga chapati za maji, watoto wamemzunguka. Kuziita picha hizi "michoro" hakutoshi, kwa kuwa mchoro ni mmoja, nazo zilitolewa nakala nyingi. Wala "nakshi" haifai. Fundi wa nakshi hukata mbao au chuma kwa nguvu ya mkono, ilhali hapa bamba la shaba hupakwa nta, msanii akaichora kwa sindano, kisha bamba likatiwa katika tindikali. Penye nta shaba husalimika. Palipochorwa huliwa, pakabaki mifereji ya kushika wino, na karatasi ikashindiliwa juu yake. Hivyo napendekeza "chapa ya tindikali".

Faida ya jina hili ni kwamba linaeleza pia sura ya picha zenyewe. Sindano hupita kwenye nta kwa wepesi, karibu sawa na kalamu kwenye karatasi, kwa hiyo matambara ya mchuuzi na mikunjo ya uso wa bibi vilichorwa kwa mistari ya haraka, isiyonyooshwa. Patasi ya nakshi, inayosukumwa polepole ndani ya shaba, haitoi uhuru huo kirahisi.

Wapo watakaosema kwamba tindikali haichori, mkono ndio unaochora. Ni kweli, lakini kinachotenganisha ufundi huu na nakshi ni namna shaba inavyochimbwa, na Waholanzi wenyewe huuita kwa neno lenye asili ya kulisha na kula, sawa na sisi tunaposema kutu imekula chuma. Wengine watakumbusha kwamba Rembrandt aliongezea mistari kwa kukwaruza shaba moja kwa moja. Naam, ila istilahi hufuata kazi iliyo kubwa, na katika picha hizi mbili kazi kubwa ni ya tindikali. Basi walimu wa sanaa na watunzi wa kamusi waitenge "nakshi" kwa kazi ya patasi, na hizi waziite chapa za tindikali.