Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Toleo la 1975 Lililoufufua Mfululizo wa X-Men

Fasihi ya mfululizo hujengwa juu ya ahadi. Mwandishi humwahidi msomaji kwamba toleo lijalo litakuwa na jambo ambalo toleo lililopita halikuwa nalo. Ahadi hiyo ikivunjwa, msomaji huondoka bila kuaga. Kumvuta msomaji mpya ni kazi. Kumrudisha aliyekwisha kukata tamaa ni kazi kubwa zaidi. Mfano bayana wa jambo hili unapatikana katika hadithi za katuni za Marekani zinazohusu mashujaa wenye nguvu za ajabu, hususan katika toleo moja la mwaka 1975.

Mfululizo wa The X-Men ulianzishwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, ukichapishwa na kampuni ya Marvel. Ulisimulia habari za vijana watano waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, wakaogopwa na jamii na kulelewa shuleni mwa Profesa Charles Xavier. Kufikia mwisho wa muongo huo, wasomaji walikuwa wamepungua. Hata michoro ya Neal Adams, aliyejiunga mwaka 1969, haikuuokoa. Toleo la 66, la Machi 1970, lilikuwa la mwisho kuwa na kisa kipya. Mfululizo uliporejea Desemba mwaka huo, ulirudia visa vya zamani tu, na ukaendelea hivyo kwa matoleo 27, yaani kuanzia la 67 hadi la 93. Jina lilibaki juu ya jalada, ilhali hadithi yenyewe ilikuwa imekoma.

Mwaka 1975 likatoka toleo maalumu, Giant-Size X-Men, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Msuko wake ni sahili. Mashujaa wa zamani wametoweka katika kisiwa kiitwacho Krakoa, na ni mmoja tu, Cyclops, aliyerudi. Xavier anazunguka ulimwenguni kutafuta waokoaji: Kurt Wagner wa Ujerumani, Piotr Rasputin wa Umoja wa Kisovieti, John Proudstar wa jamii ya Waapachi, Wolverine wa Kanada, Banshee wa Ireland, Sunfire wa Japani, na Ororo, anayempata nchini Kenya. Wanapofika kisiwani wanagundua kwamba kisiwa chenyewe ni kiumbe hai, nacho kilimwachilia Cyclops makusudi ili awalete wengine.

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Methali hiyo yaeleza siri ya toleo hili. Wageni hawakuwafukuza wenyeji, walikuja kuwaokoa. Msomaji aliyeondoka miaka mitano nyuma hakuambiwa kwamba alichokipenda kilikuwa upuuzi. Alikikuta kikiwa hatarini, kikingoja kuokolewa. Wakati huohuo, hakulazimika kukumbuka kila kisa kilichopita, kwa kuwa wahusika wapya nao hawakuvijua. Walijifunza pamoja naye. Cyclops, aliyebaki baada ya wenzake wa zamani kuondoka, akawa uzi unaounganisha nyakati mbili.

Hata hivyo, wasomaji hawakurudi kwa siku moja. Visa vipya viliendelea kuanzia toleo la 94, la Agosti 1975, chini ya mwandishi Chris Claremont, na mfululizo ulitoka mara moja kila baada ya miezi miwili hadi mwaka 1978, ulipoanza kutoka kila mwezi. Mwaka 1991, toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men liliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni 8. Mbegu ya mavuno hayo ilipandwa Krakoa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, lakini, linabaki swali la lugha. Claremont aliwatambulisha wageni kwa vionjo vya lugha zao: Kurt hushangaa kwa Kijerumani, Piotr kwa Kirusi. Ororo huapa kwa kumtaja mungu wa kike, kwa Kiingereza. Katika toleo la 1975 anaonekana akiabudiwa na watu wanaomwomba mvua. Kenya hiyo ni mandhari tu. Ile halisi ilikuwa na miaka 12 ya uhuru, na mwaka 1974 Rais Kenyatta alikuwa ameagiza Kiswahili kitumiwe bungeni. Mwaka 1976 Ororo alipewa nasaba: mama Mkenya, baba Mmarekani, utoto wa uyatima mjini Cairo. Alipata ukoo kabla ya kupata lugha.

Jina lake lenyewe linasikika vyema katika sikio la Mswahili, kwani mzizi -ororo, wa nyororo na mwororo, hubeba maana ya ulaini. Si lazima kudai kwamba waandishi walilikusudia hilo. Yatosha kuona kwamba msomaji wa Afrika Mashariki alikuwa na sababu yake ya kuifungua hadithi hii, sababu ambayo waandishi hawakuitumia.

Toleo la 1975 lafundisha, basi, kwamba kurudia ya kale hakumrudishi msomaji, wala kuyatupa hakumrudishi. Humrudisha mgeni anayebeba jukumu la kumponya mwenyeji. Na mgeni huponya zaidi anaporuhusiwa kuingia na lugha yake mdomoni.