Kikoa na Karamu: Maneno Mawili katika Historia ya Mlo wa Pwani

Wanaisimu wanapotaja vikoa vya matumizi ya lugha, au vikoa vya maana, ni wachache wakumbukao kwamba neno hilo lilikuwa la jikoni kabla ya kuingia darasani. Katika Kiswahili cha pwani, kikoa ni mlo wa shirika ambao kila mshiriki huutoa kwa zamu yake: leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka duru itimie. Aliyekula siku ya mwenzake amejifunga kulisha siku yake. Kando ya neno hili limesimama jingine, karamu, ambayo mtoaji wake ni mmoja na waliobaki wote ni wageni. Karamu humwinua mtu juu ya wenziwe. Kikoa huwaweka sawa. Katika jamii iliyokuwa na waungwana na watumwa, wenyeji na waja, tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Karamu ni neno la asili ya Kiarabu, la mzizi mmoja na karimu. Kikoa lina sura ya Kibantu, ingawa kiambishi cha ki- peke yake si ushahidi, kama neno kitabu linavyoonya. Hata hivyo, desturi ya kumfunga mgeni kwa chakula ni kongwe, liwe jina lake liwalo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona vijana wakiiendea merikebu kwa mashua, kila mmoja amechukua chombo cha chakula kilichofunikwa. Chakula kile alikabidhiwa mfanyabiashara mmojawapo, na aliyekileta akatangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakushukia ila kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikuwa ameuzoea mji. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia na kumnunulia, na biashara iliyofanywa nyuma yake haikutambuliwa. Sinia moja ya chakula, basi, ilikuwa ni mkataba.

Ibn Battuta mwenyewe alilishwa na mtawala wa mji: wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, kisha ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa hakukuta fahari hiyo. Watu wake, asema, walikula zaidi ndizi na samaki, na nafaka yao ililetwa kutoka bara iliyo mkabala. Wala wali haukuwa chakula kikuu cha pwani tangu kale. Akiolojia ya Pemba imeonyesha kwamba huko Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, watu waliishi zaidi kwa uwele. Mpunga ulitwaa nafasi hiyo baadaye, katika mji wa Chwaka ulioinuka kuanzia karne ya 11. Yamkini wali ulikuwa wa wageni kabla ya kuwa wa nyumbani.

Mzigo wa karamu ulizidi katika karne ya 19. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu miji ya Mrima, ameonyesha jinsi karamu zilivyokuwa uwanja wa kushindania cheo kabla ya vita vya 1888 dhidi ya Wajerumani. Mkubwa aliyeshindwa kulisha alihesabiwa kuwa si mkubwa, na wanyonge nao walidai nafasi yao katika sinia.

Kikoa hakikuandikwa na wasafiri, maana mgeni wa siku tatu hana zamu. Ushahidi wake bora umo katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Edward Steere aliyachapisha mwaka 1870 na ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyatungia utendi mwaka 1913. Liyongo akiwa kifungoni, mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi hukipokonya kila kilicho kizuri na kukila wao. Ndipo uokapo mkate wa wishwa, umefichwa tupa ndani. Walinzi waudharau, na kwa dharau yao Liyongo apata kukata minyororo. Waliokula bila haki wamepumbazwa na cheo cha chakula chenyewe.

Kisa cha pili ni cha kikoa hasa. Wawindaji wa msituni, waliokwisha kuahidiwa ujira ili wamwue Liyongo, wanafanya urafiki naye na kumwita katika kikoa cha makoma: kila siku mmoja apande mkoma awaangushie wenziwe. Nia yao ni kumpiga mishale siku atakapokuwa juu ya mti. La kutiliwa maanani ni kwamba hila hii isingewezekana nje ya kikoa. Katika karamu, Liyongo angeketi na kuletewa. Ni zamu tu iwezayo kumpandisha shujaa mtini, tena bila kushuku, kwa kuwa wenzake wote wamekwisha kupanda mbele yake na yeye amekwisha kula matunda yao. Kukataa kungekuwa aibu kubwa kuliko woga. Siku yake ilipofika Liyongo hakukataa, wala hakupanda. Aliwaambia wachague mkoma waupendao, akavuta upinde, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini, na wale waliokuja kumwua wakayaokota wakala.