KUMTAFUTA BABU ALIYEKUJA KWA MELI

Wenzangu tuliokuwa pamoja Kidato cha Pili watakumbuka siku ile mwalimu wetu wa Historia alipotutaka tuandike majina ya wazee wetu hadi kizazi cha tano. Mimi niliandika wanne niliowajua, na wa tano nikamtunga. Nilipata alama nane kwa kumi. Naungama leo, maana mwalimu amekwisha staafu na alama zile haziwezi tena kupunguzwa. Dhambi hiyo ilinirudia moyoni nikiwa mbali sana na kwetu, na Ndugu Mhariri aliposikia kisa chake akanitaka nikieleze katika gazeti hili la mkutano wetu.

Mwaka 2014 nilipelekwa masomoni Hobart, mji mkuu wa Tasmania, kisiwa kilichoko kusini mwa Australia, kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mjane, mtu mwema na mpenda mazungumzo. Alipojua kuwa kazi yangu nyumbani ni ya masjala, alinitolea bahasha nene. Ndani yake mlikuwa na karatasi za miaka kumi na miwili ya kumtafuta babu yake, yule wa kwanza kufika kisiwani. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili mzee huyu ni kilembwe chake. Ukoo mzima ulijua kuwa babu huyo alikuwa seremala wa meli kutoka jimbo la Norfolk, Uingereza, ambaye aliipenda nchi, akashuka, asirudi tena. Ukurasa wa kwanza wa Biblia ya familia ulikuwa na jina lake, na chini yake neno hilo, seremala.

Nilimwuliza ameanzia wapi. Alikuwa ameanzia Uingereza, kwenye orodha za mabaharia, na kila mara alirudi mikono mitupu. Nilimwambia kile ambacho karani yeyote wa masjala angemwambia: jalada husomwa kuanzia karatasi ya juu, iliyoingia mwisho. Anza na kifo, urudi nyuma kwenye ndoa, kisha uzazi. Bahari iwe ya mwisho.

Kwa bahati Tasmania ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Huko uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Desemba 1838, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Uingereza yenyewe, iliyoanza tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo mtafutaji wa Uingereza hutegemea vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya makanisa, ambavyo mapadri waliamriwa kuviweka tangu 1538. Si kila kitabu kimesalia. Panya, unyevu na uzembe havina taifa.

Kifo tulikipata siku ya kwanza. Ndoa tuliipata siku ya tatu. Siku ya nne, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika orodha, nikaona jina la babu katika kitabu ambacho hatukukitazamia. Kilikuwa kitabu cha wafungwa walioomba ruhusa ya kuoa. Wakati huo mfungwa hakuweza kuoa bila ruhusa ya Gavana, hata kama mchumba wake alikuwa mtu huru. Na pembeni ya jina liliandikwa jina la meli.

Hapa sina budi kuwaeleza wanafunzi wa sasa kidogo. Kwa muda mrefu Uingereza iliwapeleka wahalifu wake katika makoloni yake ya Amerika. Makoloni hayo yalipoasi na kujitawala, magereza yakafurika, na wengine wakafungiwa katika meli kuukuu zilizotiwa nanga mitoni na bandarini. Tarehe 13 Mei 1787 meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth, na Januari 1788 zikafika mahali palipo Sydney leo. Tangu hapo hadi 1868 watu wapatao 160,000 walipelekwa Australia kwa njia hiyo. Karibu 75,000 walishushwa katika kisiwa hiki, wakati huo kikiitwa Van Diemen's Land, mpaka desturi hiyo ilipokomeshwa hapa mwaka 1853. Jina la kisiwa lilikuwa limenuka mno hata mwaka 1856 wakaaji wakalibadili rasmi kuwa Tasmania.

Wafungwa wengi walikuwa na majina yaliyofanana, hivyo makarani walimtambulisha kila mmoja kwa jina na meli iliyomleta. Ukishapata meli umempata mtu. Kesho yake tukafunguliwa daftari la mwenendo. Babu hakuwa seremala. Alikuwa kibarua wa shamba, aliyehukumiwa kwao Norfolk kwa kuiba kondoo mmoja. Hadi mwaka 1832 kosa hilo lilikuwa la kunyongwa. Yeye alihukumiwa baada ya hapo, akapewa uhamisho wa maisha. Daftari lilimweleza kama fundi cherehani anayempima mteja: urefu wake, rangi ya macho, kovu juu ya nyusi ya kushoto, na chale ya nanga mkononi. Huenda nanga hiyo ndiyo iliyozaa ubaharia wote ule. Chini yake yaliandikwa makosa ya huku na adhabu zake, viboko vikiwamo, kisha cheti cha kufanya kazi kwa hiari yake, kisha msamaha.

Mzee alisoma kimya. Mwisho akasema, "Kumbe alikuwa na macho ya kijivu, kama ya ndugu yangu."

Maneno hayo yalinikaa. Kama babu huyo angekuwa seremala huru kweli, pengine tungebaki na jina lake tu katika orodha ya abiria, bila kovu wala rangi ya macho. Serikali ilimwandika kwa kirefu kwa sababu ilimhukumu. Babu yangu mzaa baba hana hata picha. Karatasi pekee yenye jina lake ni stakabadhi ya kodi ya wakati wa mkoloni, na jina lenyewe karani alilikosea.

Kwa mfano wa jinsi karatasi hizi zilivyo na siri, hebu tumtazame mtu mmoja anayejulikana, naye alihukumiwa huko huko Norfolk. Henry Kable alihukumiwa kifo mwaka 1783 kwa kuvunja nyumba. Baba yake akanyongwa, yeye akapunguziwa ikawa uhamisho. Katika gereza la Norwich alimpenda mfungwa mwenzake, Susannah Holmes, wakapata mtoto mwaka 1786. Mama na mtoto walipofikishwa Plymouth, nahodha wa meli-gereza alimkataa mtoto. Askari jela aliyewasindikiza, John Simpson, alimpakata kichanga yule katika gari la farasi hadi London, akamwendea Lord Sydney, waziri mwenyewe, hata akapata amri kuwa baba, mama na mtoto wasafiri pamoja. Karani mdogo wa masjala kama mimi huona haya anapokisoma kisa hicho, akikumbuka mafaili aliyoyasukuma kando kwa kuwa saa tisa na nusu imefika.

Watu wema wakawachangia vitu, vikapotelea ndani ya meli iitwayo Alexander. Julai 1788 Kable na mkewe walimshtaki nahodha, wakashinda na kulipwa pauni 15. Ilikuwa kesi ya kwanza ya madai katika koloni, nayo ilifunguliwa na wafungwa, ambao kwa sheria ya Uingereza hawakuwa na haki ya kushtaki. Katika hati jina lake limeandikwa Cable. Kwingine ni Cabell. Karani aliandika alivyosikia. Atafutaye jina moja kwa tahajia moja atapita juu ya babu yake bila kumwona. Baadaye Kable akawa mkuu wa askari polisi na mfanyabiashara mwenye vyombo vya baharini, akafariki 1846.

Lakini wenye asili kama hii walificha kwa vizazi. Barua zilichomwa, mabaharia na maofisa wakatungwa. Moto nao ulisaidia. Septemba 1882 jumba la Garden Palace huko Sydney liliteketea pamoja na karatasi za sensa ya 1881.

Wapo pia waliofutwa bila kupenda. Ardhi aliyolima babu yule baada ya msamaha haikuwa pori lisilo na wenyewe. Wenyeji wa kisiwa walipigwa vita katika miaka ya 1820, na waliosalia wakahamishiwa kisiwa cha Flinders katika miaka ya 1830. Wazao wao wapo hadi leo, nao pia hutafuta majina ya wazee wao. Wengi wao huyakuta yameandikwa na wageni, na mara nyingi ni majina waliyopachikwa. Nilimwambia mzee jambo hilo. Hakubisha.

Jumapili moja kabla sijaondoka, dada yake alikuja kunywa chai. Mzee alimpa nakala ya ukurasa wa daftari. Yule bibi akavaa miwani, akasoma hadi mwisho, akairudisha mezani. "Mama alijua," alisema. "Alinikataza kukwambia. Wewe ulimpenda mno yule seremala."

Nilidhani mzee angekasirika, lakini alicheka hata akatokwa na machozi. Kisha akaileta ile Biblia na kufuta neno la seremala kwa raba. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, akanipa mimi kalamu. Niliandika jina la meli, mwaka, na chini yake neno moja, mfungwa.