Kutulizwa kwa Dhoruba (Marko 4:35–41)

Kisa cha Injili ambamo Yesu anaamshwa na wanafunzi wake chomboni, anaukemea upepo, na bahari inatulia. Kimo pia katika Mathayo 8:23–27 na Luka 8:22–25. Bahari ya Galilaya ni ziwa la maji baridi, lenye urefu wa kilomita 21 hivi, lililo zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Upepo ukishuka ghafla kutoka vilimani huyachafua maji kwa muda mfupi.

Katika Kanisa Katoliki kisa hiki husomwa Jumapili ya 12 ya kipindi cha kawaida, Mwaka B. Katika Afrika Mashariki hujadiliwa hasa kwenye jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, iwe Kigoma ufukweni mwa Ziwa Tanganyika au Sofu, kata ya Kibaha isiyo na pwani. Hulisoma somo, hunyamaza, kisha kila mmoja hutaja neno lililomgusa.

Wasomaji wengi hukimbilia muujiza. Uzito wa kisa, hata hivyo, uko katika aya ya 38, wanafunzi wanapomuuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Kwa Tanzania, iliyofiwa na mamia ya watu meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, swali hilo halistahili kurukwa. Wajifunzao wakisome kisa hiki pamoja na Yona 1 na Zaburi 107:23–30.