Deni la Askari wa Roma

Jamhuri ya Roma haikuuawa na Julius Caesar. Mwaka 88 KK, miaka 39 kabla Caesar hajavuka mto Rubicon na jeshi kwenda Roma, jemadari Sulla alikwisha kuuvamia mji huo kwa jeshi lake. Maofisa karibu wote walimkimbia, askari wa kawaida wakamfuata. Seneti haikuwa na utaratibu wa kuwapa mashamba askari waliostaafu. Aliyewapigania ni jemadari wao, basi utii ukamwendea yeye. Wapo wanaoshikilia kuwa chanzo cha kuanguka kwa jamhuri ni tamaa ya Caesar. Mbona alipouawa mwaka 44 KK jamhuri haikurudi? Mrithi wake Octavian, aliyepewa jina la Augustus mwaka 27 KK, aliiacha Seneti ikutane, huku majeshi mengi yakiwa mkononi mwake. Mwaka 6 BK akaanzisha hazina ya kuwalipa askari wastaafu.