Mlei na Maandiko Matakatifu

Tukitaka kufahamu jinsi Ukatoliki ulivyoota mizizi vijijini, hatuna budi kumtazama katekista kabla ya padre. Padre alipita kigangoni mara chache. Katekista alikaa na watu, akafundisha, akazika. Adrian Atiman, aliyefika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kufariki mwaka 1956, alikuwa tabibu na katekista pia.

Hata hivyo, elimu ya zamani ilikuwa hasa maswali na majibu ya katekisimu, yaliyokaririwa kwa moyo. Biblia yenyewe ilifunguliwa kwa nadra. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulileta mageuzi: hati yake ya mwaka 1965 juu ya Ufunuo iliwahimiza waamini wote wasome Maandiko. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi, walisisitiza ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo.

Hapo ndipo haja ya mafunzo ilipodhihirika. Katika nchi ya Wanyaturu, Ilongero na kwingineko katika Jimbo la Singida lililoundwa mwaka 1972, jumuiya haiwezi kumngoja padre kila juma. Kiongozi wake, awe mkulima au mama wa nyumbani, yampasa ajue kusoma, kuuliza na kusikiliza, wala asijigeuze padre mdogo. Kisomo cha watu wazima, kilichotiliwa mkazo tangu mwaka 1970, kiliwapa wengi ufunguo wa kwanza.

Twaona basi kwamba kumfunza mlei si kumpunguzia padre kazi tu. Ni kumtoa mwanakijiji katika kukariri na kumtia katika kufikiri. Kwani kuuliza si ujinga.