Lilitupwa Kama Bati Bovu, Leo Linasakwa kwa Tochi: Historia ya Boksi la Hewa la Datsun 240Z

Wadau wa magari ya zamani, ukibahatika kufungua boneti ya Datsun 240Z ambayo haijachezewa na mtu, jicho lako litakimbilia boksi moja refu la bati lenye rangi ya chungwa. Limekaa ubavuni mwa injini, limezifunika kabureta mbili midomo. Hilo ndilo chujio la hewa, mafundi wetu wanaita eya klina.

Kwa miaka mingi boksi hilo ndilo lilikuwa la kwanza kung'olewa na kutupwa kila gari lilipopata mwenye mbwembwe. Leo hii watu hao hao, au watoto wao, wanalitafuta mnadani, wanalisugua kutu kwa mkono na kubishana kuhusu rangi yake halisi. Hapo katikati kuna hadithi ya vumbi, ushamba na pesa. Na Afrika Mashariki imo ndani yake.

GARI LENYEWE

Nissan walilitoa Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Bosi mmoja wa kampuni hiyo kule Marekani aliliangalia lile jina akaona hapana, gari la spidi haliwezi kuuzika Marekani likiwa na jina la kibibi namna hiyo. Akaagiza nembo zing'olewe, zikabandikwa namba tu: 240Z. Namba ilitoka kwenye injini ya lita 2.4, yaani cc 2,393, silinda sita zimejipanga mstari mmoja.

Bei ya Marekani ilianzia dola 3,526. Kwa hela hiyo mtu wa kipato cha kawaida alipata gari la spoti lenye sura ya kitajiri na injini inayowaka asubuhi bila ugomvi. Likauzika balaa.

VUMBI LA PASAKA

Huku kwetu gari hili lilijulikana kwa njia nyingine kabisa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Tope ndani ya tope, na pasipo na tope kuna vumbi.

Pasaka ya mwaka 1971, 240Z zikashika namba moja na namba mbili. Aliyeshinda alikuwa Mjerumani aliyefanya Kenya kuwa nyumbani, na mwaka mmoja nyuma yake alikuwa ameshinda kwa Datsun 1600 SSS. Wa pili alikuwa kijana mzaliwa wa Uganda, mwenye asili ya Kiasia.

Kijana huyo mwaka 1973 akarudi na 240Z akashinda, tena kwa mbinde. Yeye na Mswidi mmoja aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine walimaliza wakiwa sawa kabisa, alama 406 za adhabu kila mmoja, ikabidi kigezo cha ziada kiamue. Baadaye akaja kushinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Jumla mara tano.

Magari ya mashindano yaliandaliwa maalumu, hayakuwa sawa na lile la dukani. Lakini vumbi halijui gari la mashindano wala la dukani. Piga hesabu hii: kuchoma lita moja tu ya petroli injini inahitaji karibu lita 9,000 za hewa. Sasa fikiria hewa hiyo inavutwa nyuma ya lori kwenye barabara ya udongo mwekundu.

Vumbi lina chembechembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Likipenya ndani linachanganyika na oili, inakuwa kama umemimina msasa wa maji kwenye injini. Ringi zinalika, silinda inachanika mistari, gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Mwenye gari anasema injini imechoka. Haijachoka, imesagwa.

KABLA YA KARATASI

Magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na chujio la hewa. Ile Ford T iliyosambaa dunia nzima ilivuta hewa hivi hivi. Baadaye yakaja machujio ya waya uliosokotwa na kuloweshwa oili, na yale ya bakuli la oili ambayo wazee waliomiliki Land Rover za zamani na Volkswagen za mgongo wa kobe wanayajua vizuri. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa, linazama chini. Likichafuka unafungua, unamwaga tope, unaosha kwa mafuta ya taa, unaweka oili nyingine, safari inaendelea. Hakuna cha kununua.

Miaka ya 1950 na 1960 chujio la karatasi likashika soko. Karatasi inakamata vumbi jembamba zaidi na haihitaji kuosha. Tatizo lake moja: ikijaa, unatupa. 240Z ni mtoto wa kipindi hicho. Boksi la bati linabaki maisha, karatasi ya ndani inabadilishwa.

MBWEMBWE ZIKAINGIA

Sasa vijana wa mjini, hasa kule Marekani, wakaliona boksi la chungwa kama kopo la baba. Halina mvuto, linaficha kabureta, tena linapunguza mlio. Wakaling'oa na kuweka vichujio viwili vidogo vya mviringo vinavyong'aa, kila kabureta na chake. Wengine hawakuweka kitu, midomo wazi. Ukikanyaga mafuta gari linavuma, mtaa mzima unageuka.

Walichokuwa hawajui ni kwamba lile boksi lilikuwa na kazi zaidi ya moja. Kwa ndani, pale linapokutana na kabureta, kuna umbo la mdomo wa tarumbeta linaloisaidia hewa kuingia kwa utulivu. Ukifunga kichujio cha bei rahisi kwenye kabureta bila tarumbeta ile, mlio unaongezeka lakini nguvu si lazima iongezeke. Watu wengi walinunua kelele wakidhani wamenunua spidi.

Kuna na mpira mmoja unaotoka kwenye mfuniko wa juu wa injini kuja kwenye boksi, ili injini ipumue hewa iliyochujwa. Boksi likitolewa, mpira ule unabaki unaning'inia. Maana yake vumbi linapata mlango wa pili, linaingia moja kwa moja kwenye oili.

Na maboksi yenyewe? Yalitupwa nyuma ya gereji, yakaota kutu, mengine yakaenda skrepa na magari yake.

UPEPO UKAGEUKA

Miaka ya 1990 Nissan wenyewe kule Marekani walifanya jambo ambalo halijazoeleka. Walinunua 240Z za zamani, wakazifufua upya na kuziuza kupitia wauzaji wao kwa bei ya karibu dola 25,000. Hazikuwa nyingi, lakini ujumbe ulifika: kumbe hili gari lina thamani.

Januari 2020, 240Z moja ikauzwa kwenye mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 310,000. Hapo hata waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Bei ikifika huko, mnunuzi anakagua mpaka nati. Anataka kuona boksi la hewa la asili, vibandiko vyake na mipira yake. Gari lisilo na boksi linamfanya ajiulize: kama hiki kilitupwa, nini kingine kimetupwa? Na injini imekula vumbi miaka mingapi?

NAMNA LINAVYOFUFULIWA

Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa, inahitaji subira. Fundi anaanza kwa kupiga picha kila upande kabla ya kugusa kitu, maana kibandiko kikishatoka hakuna anayekumbuka kilikaa wapi. Anafungua zile nati zenye masikio kwa vidole, siyo kwa koleo, kwa sababu zimeliwa na umri na ndizo za asili.

Karatasi ya zamani inatoka. Boksi linaoshwa kwa mafuta ya taa na brashi laini mpaka mafuta yaliyoganda kwenye kona yaachie. Kisha maji ya sabuni, kisha jua.

Kutu ndipo wengi wanapoharibu. Wenye haraka wanapeleka boksi kupigwa mchanga kwa mashine. Bati ni jembamba, linajikunja. Halafu mchanga unajificha kwenye mikunjo na maungio, unasubiri. Siku boksi likirudi kwenye gari, injini inavuta mchanga ule ule uliotumika kusafisha chujio. Umeona balaa hilo? Fundi makini anatumia dawa ya kutoa kutu na msasa laini kwa mkono, halafu anapuliza kila mkunjo kwa kompresa mpaka aridhike.

Mabonde yananyooshwa taratibu kwa nyundo ndogo na kipande cha mbao. Inapigwa rangi ya msingi, kisha chungwa. Hapa kuna ugomvi usioisha, maana chungwa ya boksi lililokaa jua miaka hamsini siyo ile iliyotoka kiwandani. Wajanja wanatafuta sehemu ambayo jua halikufika, kwa mfano chini ya kibandiko au ndani ya mfuniko, wanachukua rangi hapo.

Mwisho kabisa gasketi mpya zinazokaa kati ya boksi na kabureta, mipira mipya, na karatasi mpya. Boksi likifungwa, fundi anapitisha tochi kwenye maungio. Mwanga ukipenya, vumbi litapenya.

SURA AU PUMZI?

Na hapa ndipo pa kutafakari. Kuna wanaolifufua boksi kwa ajili ya kupigiwa makofi tu. Nje linang'aa kama lilitoka kiwandani jana, ndani kuna karatasi ya miaka arobaini iliyonunuliwa ghali kwa sababu ina nembo ya asili. Karatasi hiyo imekauka na mpira wake wa pembeni unameguka ukishikwa. Kwenye maonyesho inapendeza. Barabarani ni tundu.

Mtu huyo na yule kijana aliyelitupa boksi zamani wamekosea kitu kimoja. Wote wawili waliliona kama pambo. Mmoja aliliona pambo baya, mwingine pambo zuri, na injini ikala vumbi kwa wote.

Wenye busara wana njia yao. Karatasi ya asili wanaihifadhi kwenye katoni yake, wanaitoa siku ya maonyesho. Siku za kutembea, ndani ya boksi lile lile la chungwa wanaweka karatasi mpya inayokaa sawasawa. Hakuna anayeiona, na injini ndiyo inayofaidi.

Somo hili halihitaji uwe na dola 310,000. Hata kwenye gari lako la kwendea kazini, ile tabia ya kupuliza chujio kwa kompresa kila mara mpaka karatasi inatoboka ni kusaga injini kwa kubana matumizi. Ukipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, kisha inyanyue juani uangalie. Ukiona nukta ya mwanga, usiirudishe. Bei ya karatasi na bei ya kufungua injini nzima haziko mtaa mmoja.

Je mdau, nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka Datsun za Safari zikipita kijijini na vumbi lake? Na wewe ungekuwa na 240Z, boksi la chungwa ungelirudisha au ungeacha midomo wazi ivume? Shusha maoni hapo chini.